Bei Isiyoandikwa: Mafuta, Foleni na Maisha ya Kila Siku Dar es Salaam, 1973–1985

Historia ya mafuta ya petroli nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa lugha ya mapipa, meli na fedha za kigeni. Katika maandishi ya wachumi, mwaka 1973 na mwaka 1979 huonekana kama vilele viwili kwenye mchoro: pipa la mafuta ghafi lililouzwa kwa takriban dola 3 likapita dola 11 mwanzoni mwa 1974, kisha, baada ya mapinduzi ya Iran, likapanda kutoka takriban dola 13 hadi zaidi ya dola 30. Takwimu hizo ni za kweli, na bila hizo hatuwezi kuelewa lolote. Lakini hazituelezi mfanyakazi wa kiwandani aliyeishi Manzese alifikaje kazini, wala mwanamke wa Buguruni alipikia nini usiku ambao mafuta ya taa hayakupatikana dukani. Insha hii inajaribu kuisoma historia ile ile kutoka upande huo wa pili. Hoja yake ni kwamba kwa mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam, kupanda kwa bei ya mafuta hakukujitokeza hasa kama bei. Kulijitokeza kama muda, kama umbali, na hatimaye kama kosa la jinai.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza tukumbuke kwamba bei ya lita moja ya petroli haikuamuliwa na muuzaji. Sheria ya mwaka 1973 iliunda Tume ya Bei ya Taifa, na katika miaka iliyofuata bidhaa nyingi, kuanzia sukari na sabuni hadi vipuri, ziliwekewa bei ya nchi nzima. Mafuta nayo yaliingizwa nchini, yakasafishwa na kugawiwa chini ya usimamizi wa dola. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kule Kigamboni, kilichoanza kazi mwaka 1966 kwa ushirikiano na Waitalia, ndicho kilichopokea mafuta ghafi. Shirika la Maendeleo ya Petroli lilikwisha kuundwa mwaka 1969. Serikali ilipandisha bei mara kadhaa katika kipindi hiki, tena kwa viwango vilivyoumiza. Hata hivyo tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwamba nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia kiasi kilichohitajika. Bei iliyotangazwa haikuwa bei iliyosawazisha mahitaji na kilichokuwapo, na pengo kati ya viwili hivyo lilizibwa na foleni.

Kwa nini fedha za kigeni zilikosekana ni swali lililojibiwa mara nyingi, nasi tutalipitia kwa haraka. Ukame wa 1973 na 1974 ulilazimisha uagizaji mkubwa wa nafaka wakati ule ule bei ya mafuta ilipopanda. Bei nzuri ya kahawa ya 1976 na 1977 ilileta ahueni fupi. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera mwishoni mwa 1978, na vita vilivyofuata vikala mafuta, malori na akiba yote. Ni wakati vita vinamalizika ndipo bei ya pili ya mafuta ilipoanza kupanda. Mwalimu Nyerere alirudia katika hotuba zake mfano wa trekta: kwamba kila mwaka nchi ililazimika kutoa tani nyingi zaidi za katani ili kununua trekta lile lile. Mfano huo ulikuwa sahihi, ingawa ulimwelekeza msikilizaji kutazama ng'ambo tu, na haukugusa namna uchache huo ulivyogawanywa ndani ya nchi yenyewe.

Mgawanyo huo ndio kiini cha suala. Mtu angedhani kwamba bei ya petroli humhusu kwanza mwenye gari, na kwamba katika nchi ambamo wenye magari binafsi walikuwa wachache mno, wengi wangesalimika. Ilikuwa kinyume. Mwenye gari, hasa aliyekuwa na cheo, alikuwa na njia: kibali, gari la ofisi, dereva wa kutumwa foleni alfajiri, au rafiki katika kituo cha mafuta, mahali ambapo wakazi wa jiji hupaita sheli hadi leo. Asiyekuwa na gari alikutana na mafuta kwa njia tatu ambazo hazikuwa na kibali: basi, unga, na jiko.

Tuanze na basi, kwa kuwa huko ndiko ushahidi ulikojaa. Baada ya kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam kutaifishwa mwaka 1970, shughuli zake ziligawanywa mwaka 1974: Kampuni ya Mabasi ya Taifa, yaani KAMATA, ikachukua safari za mikoani, na Usafiri Dar es Salaam, UDA, ikabaki na jiji. UDA ilikuwa na haki ya pekee ya kubeba abiria jijini kwa nauli nafuu iliyowekwa na serikali. Nauli hiyo ilikuwa sehemu ya ahadi ya Azimio la Arusha kwa mfanyakazi, na haikuwa rahisi kisiasa kuigusa. Lakini dizeli, matairi na vipuri vyote vilidai fedha za kigeni. Kila basi lililoharibika likawa ghala la vipuri kwa basi lililosalia, na jiji likaendelea kupanuka kuelekea Ubungo, Mbagala na kwingineko huku mabasi yakipungua barabarani. Nauli ilibaki nafuu kwenye karatasi. Kituoni, abiria alilipa kwa saa mbili za kusubiri, kwa shati lililochanika dirishani, au kwa kutembea.

Kutembea kunastahili kutajwa kama tendo la kihistoria, ingawa ni vigumu kuliandikia historia maana haliachi stakabadhi. Wafanyakazi wa viwanda vya Barabara ya Pugu walioishi Buguruni na Temeke waliweza kufika kwa miguu. Walioishi mbali zaidi waliamka usiku. Makazi ya jiji yenyewe yalifuata mantiki hii, na mtu aliyepanga chumba alipiga hesabu ya umbali kabla ya hesabu ya kodi. Emily Brownell, katika kitabu chake cha mwaka 2020 kuhusu mazingira ya Dar es Salaam, ameonyesha jinsi uhaba wa miaka ya 1970 ulivyowafanya wakazi wajenge jiji kwa vilivyokuwa karibu nao, na jinsi pembezoni mwa jiji palivyokuwa mahali pa kujihifadhi. Tunaongeza tu kwamba pembezoni hapo palikuwa na gharama yake: aliyepata shamba dogo la mihogo alipoteza basi.

Ndipo yalipoingia magari ya watu binafsi, bila leseni. Yalikuwa pikapu na magari madogo ya mizigo yaliyofungwa mabenchi mawili yaliyoelekeana, abiria wakitazamana kama watu walioketi mezani. Kwa hiyo wakayaita chai maharage. Polisi walipotokea, abiria walifundishwa na hali kusema kwamba dereva ni ndugu yao, wanakwenda msibani. Hapa hatuna budi kutua kidogo. Maelfu ya watu wazima, wengi wao wanachama wa TANU na baadaye CCM, walioamini siasa ya Ujamaa kwa dhati, walikuwa wakisema uongo mdogo kila asubuhi ili wafike kwenye mashirika ya umma kuujenga Ujamaa huo huo. Hakuna takwimu inayoweza kupima jambo hilo, lakini mwanahistoria asiyeliona ameshindwa kukiona kipindi chenyewe.

Mwaka 1983 serikali ilikubali yaishe, na magari binafsi yakaruhusiwa kubeba abiria jijini chini ya mwavuli wa UDA. Nauli ikawa shilingi tano, kubwa kuliko ya UDA. Sarafu ya shilingi tano wakati huo iliitwa dala, na makonda walipaza sauti vituoni wakiitaja nauli, dala, dala, mpaka gari lenyewe likapata jina. Hivyo neno daladala, ambalo leo halimkumbushi mtu yeyote fedha, ni kumbukumbu ya bei. Jirani zetu wa Kenya wana kumbukumbu ya namna hiyo hiyo katika neno matatu, lililotokana na senti thelathini za nauli, na magari hayo yaliruhusiwa kule mwaka 1973, miaka kumi kabla ya yetu. Tofauti ya miaka hiyo kumi ndiyo kipimo cha muda ambao dola yetu iliendelea kuamini kwamba uhaba ungeweza kuondolewa kwa kukataza namna watu walivyoukabili.

Njia ya pili ilikuwa unga, na hapa uhusiano na petroli haukuonekana kwa macho. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 mkulima wa mahindi alilipwa bei moja nchi nzima, awe karibu na reli au awe mwisho wa barabara ya vumbi kule Rukwa. Kwa nia, ilikuwa sera ya haki. Ilivuta kilimo cha mahindi kuelekea nyanda za juu za kusini, yaani Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, mikoa yenye mvua nzuri lakini iliyo mbali na Dar es Salaam kwa mamia ya kilometa. Kwa maneno mengine, serikali iliuhamishia mbali mfuko wa unga wa mkazi wa jiji katika miaka ile ile ambayo kila kilometa ilikuwa inakuwa ghali. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na Shirika la Usagishaji la Taifa likabeba mzigo wa kukusanya mahindi kijiji kwa kijiji. Pasipo dizeli na matairi, magunia yalibaki vijijini mpaka mvua ikayakuta, huku meli zikishusha mahindi ya manjano bandarini. Wakazi wa jiji waliuita unga huo Yanga, kwa rangi za timu ya mpira, na mashabiki wa Simba walilazimika kuula kama wengine.

Mzaha huo ulificha jambo zito. Kama gunia la Sumbawanga halifiki kwa sababu ya mafuta, na gunia la ng'ambo linanunuliwa kwa fedha ambazo zingenunua mafuta, basi uhaba mmoja ulikuwa ukizaa mwingine. Watunga sera walilijua hilo, lakini mama mwenye nyumba alilijua mapema zaidi, na jibu lake halikusubiri mkutano: mhogo, mchicha uani, kuku, jamaa wa kijijini aliyeleta debe la mchele kwenye basi la KAMATA na kurudi na sabuni. Wizara ilihimiza kilimo cha mijini, na wafanyakazi walipewa ruhusa ya kwenda mashambani. Kwa kuwa mshahara haukutosha tena mwezi mzima, shamba hilo halikuwa la ziada.

Jiko lilikuwa njia ya tatu. Katika nyumba nyingi za jiji mapishi yalifanyika kwa mkaa au kwa jiko la utambi la mafuta ya taa, ambalo watu huliita jiko la mchina. Vijijini mafuta ya taa yalikuwa ya kibatari tu, na yalipokosekana watu walilala mapema. Shule ya jioni ya elimu ya watu wazima ilikosa mwanga. Mjini kukosekana kwake kulimaanisha kurejea kwenye mkaa, na mkaa ulitoka kwenye misitu ya mkoa wa Pwani, ikiwamo Pugu na Kazimzumbwi iliyo jirani kabisa na jiji. Magunia yaliletwa kwa lori pale lilipopatikana, na kwa baiskeli pale lilipokosekana. Mwendesha baiskeli aliyepanda na kushuka vilima vya Pugu na magunia mawili nyuma yake alikuwa akifanya kazi ambayo katika hesabu za taifa haikuandikwa popote, na ambayo kwa macho ya afisa misitu ilikuwa wizi. Ukuni uliokatwa Kisarawe ni sehemu ya historia ya petroli kama lilivyo bomba la Ndola.

Aliyebeba uzito wa badiliko hili alikuwa mwanamke. Kuwasha mkaa asubuhi huchukua muda kuliko kuwasha utambi. Foleni ya mafuta ya taa na dumu mkononi ilimngoja yeye. Na pale mshahara wa mume uliposhindwa, maandazi na vitumbua alivyouza vilitegemea nishati ile ile iliyokosekana. Katika foleni za maduka watu waliacha mawe au makopo kushika nafasi zao, wakaenda kushughulika na mengine. Ilikuwa desturi yenye adabu yake: jiwe la mtu halikusogezwa. Aili Mari Tripp, aliyeandika mwaka 1997 kuhusu uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam, ameeleza kwa kina jinsi biashara ndogo za wanawake zilivyozishika kaya nyingi katika miaka hii. Tunakubaliana naye. Ila tunaona kwamba neno uchumi usio rasmi linatoa picha ya mpangilio ambao waliouishi hawakuuhisi. Walihisi uchovu.

Dhidi ya hali hii serikali iliweka hatua zake za kubana matumizi. Nyingine zilikuwa za muda mrefu na zenye busara. Bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975 na kupunguza utegemezi wa mitambo ya dizeli. Kituo cha CAMARTEC kilianzishwa Arusha mwaka 1981 na kushughulikia zana za wanyamakazi na gesi ya samadi. Plau la maksai lilirudishiwa heshima iliyokuwa imechukuliwa na trekta. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, mwaka ule ule wa bei mpya, ingawa ilisubiri hadi 2004 ndipo ianze kuzalisha umeme wa Dar es Salaam. Hatua iliyokaa zaidi katika kumbukumbu za watu, hata hivyo, ni ile ya Jumapili: kuanzia saa nane mchana magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea barabarani bila kibali.

Amri ya Jumapili ina sura mbili. Kwa upande mmoja ilikuwa hatua ya nadra iliyomgusa mwenye gari moja kwa moja. Aliyekwenda Kibaha kumwona mgonjwa asubuhi alipaswa kuaga kabla chakula hakijaiva. Harusi na mikutano ya ukoo ilipangwa kwa kuitazama saa. Mitaa ya katikati ya jiji ilinyamaza, watoto wakacheza mpira penye lami, na wengi waliokuwa watoto wakati huo huikumbuka kwa furaha. Kwa upande mwingine, ilihitaji vibali, na kila kibali kilihitaji mtoaji. Uhaba uliogawanywa kwa kibali ulizalisha kundi la watu ambao mali yao haikuwa fedha bali saini. Vivyo hivyo kwenye tangi la gari la umma: petroli iliyofyonzwa kwa mpira usiku na kuuzwa kwa lita mtaani ilikuwa na bei yake, nayo ndiyo ilikuwa bei halisi ya mafuta nchini. Bei hiyo haikuandikwa kwenye pampu yoyote.

Dola iliwaita waliouza kwa bei hiyo walanguzi. Edward Sokoine aliporudi kwenye uwaziri mkuu mwaka 1983 aliongoza msako mkubwa dhidi ya wahujumu uchumi. Watu wengi walikamatwa, bidhaa zikafichuliwa, nyingine zikatupwa usiku na wenyewe kwa hofu. Sifa ya Sokoine ya uadilifu haijapungua tangu kifo chake katika ajali ya gari karibu na Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, na insha hii haina sababu ya kuipinga. Wananchi wengi waliushangilia msako ule kwa sababu walikuwa wameona kwa macho yao wachache wakinenepa kwa foleni za wengine. Ugumu ni kwamba mwaka huo huo ndio daladala ziliruhusiwa, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya nguvu kazi iliyowafanya wachuuzi wengi wa mjini waonekane wazururaji. Mkono mmoja ulihalalisha namna moja ya kujikimu, mwingine ukazikamata namna nyingine. Mstari kati ya mlanguzi na mtu anayehangaika ulichorwa mahali tofauti kila juma, na ni mchuuzi mwenye dumu la lita tano, siyo mwenye saini, aliyejikuta upande usiofaa.

Mabadiliko yaliyofuata yalibadili umbo la tatizo. Mwaka 1984 wenye fedha za kigeni waliruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana walizipataje, na pikapu nyingi zilizokuja kwa njia hiyo zikawa daladala. Rais Mwinyi alishika madaraka Novemba 1985, mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa ukatiwa saini mwaka 1986, na dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban shilingi 17 ikafika 40. Mafuta yakaanza kuonekana vituoni. Foleni zilifupika kadiri idadi ya watu walioweza kulipa ilivyopungua, na gharama iliyokuwa ikilipwa kwa saa ikaanza kulipwa kwa shilingi. Nani alinufaika na badiliko hilo ni swali ambalo jibu lake halifanani Masaki na Mbagala.

Mwezi Agosti 2011, mamlaka ya udhibiti iliposhusha bei elekezi na wauzaji wakasitisha kuuza, jiji liliona tena kwa siku chache magari yaliyopangwa hadi mitaa ya nyuma, na vijana wenye madumu wakiuza kando ya barabara kwa bei waliyoipanga wao. Wazee waliokuwa vituoni hawakuhitaji kuelezwa kinachotokea. Baadhi walikuja na viti.